Waandishi, msiwamalize wasomaji wenu kwa mkupuo mmoja

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na waandishi wa riwaya, hususan wale ambao mswada umekamilika na sasa wanatafuta watu wa kuusoma kabla haujaenda kwa mchapishaji. Sababu za kumaliza mswada zimeongezeka. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, ilianzishwa mwaka 2014 na ikafungua mlango hata kwa kazi ambazo hazijachapishwa. Tanzania nayo ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Riwaya iliyokuwa ikilala kabatini sasa ina pa kwenda.

Tatizo ni hali inayofika nayo huko. Miswada mingi haijasomwa na mtu yeyote isipokuwa aliyeiandika. Mingine imerushwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 200, wakajibu "hongera sana, tunasubiri kitabu", na mwandishi akahesabu kuwa amesomwa. Ukiilinganisha hiyo miwili, makosa yake ni yaleyale.

Msomaji wa awali ana kitu kimoja ambacho mwandishi hawezi kuwa nacho tena: hajui kinachofuata. Akishasoma mara moja, kitu hicho kimekwisha na hakirudi. Ukimpelekea rasimu iliyorekebishwa, atayajaza mapengo kwa kumbukumbu ya rasimu ya kwanza, kisha atakwambia kwa nia njema kabisa kwamba sasa inaeleweka. Kwa hiyo mwandishi mwenye watu wanane wa kuwaomba asiwape wote siku moja. Watatu waipate rasimu ya pili. Watatu wengine waipate ya tatu, baada ya marekebisho. Wawili wafichwe kabisa, wasidokezewe hata kisa chenyewe, hadi mwandishi atakapoamini kuwa kazi imekwisha. Hao wawili ndio watakaoisoma kama anavyoisoma mtu aliyeinunua dukani.

Tumesema rasimu ya pili kwa makusudi. Rasimu ya kwanza isitoke nyumbani, na sura tatu za riwaya ambayo bado inaandikwa zisitoke kabisa. Zikisifiwa, mwandishi anaanza kuwaandikia waliosifu. Zikikosolewa, anarudi sura ya kwanza kuipiga msasa, na mwaka unaisha hajafika sura ya nne. Maliza, weka pembeni wiki nne au zaidi, isome mwenyewe kwa sauti, rekebisha unayoyaona, ndipo uwasumbue watu. Kosa ambalo ungeliona peke yako halistahili kumpotezea msomaji macho yake.

Hadithi za mfululizo ni jambo jingine. Magazeti ya Kiswahili yamezichapa kwa miongo mingi, na siku hizi waandishi huzigawa vipande vipande kwenye simu, msomaji akilipia sehemu za mwisho. Hiyo ni biashara yenye kanuni zake na hatuna ugomvi nayo. Ila maoni ya mfululizo yasichukuliwe kuwa ni maoni ya riwaya nzima. Aliyesubiri siku tatu hufurahi kila kipande kikikatikia pabaya. Huyohuyo akipewa kitabu kizima akisome kwa siku mbili, atachoka na mlango unaogongwa kila mwisho wa sura.

Nani apewe? Mtu ambaye husoma riwaya za aina hiyo kwa hiari yake. Hadithi ya upelelezi apewe anayekesha na hadithi za upelelezi. Asiyezipenda atalalamikia mambo ambayo wapenzi wake ndiyo wanayoyafuata. Mke, mume na mama waachwe: wanakusoma wewe. Mwalimu wa fasihi naye ni mtego, na tunasema hivi tukiwaheshimu walimu. Amezoea kuhakiki kazi zilizokwisha kuchapishwa, hivyo atakurudishia dhamira, ujumbe, fani na maudhui, kurasa mbili safi, bila kukwambia kwamba ukurasa wa 61 alisinzia.

Mbali na wasomaji wa riwaya nzima, kuna wajuzi. Hao wapewe sura zinazowahusu tu: muuguzi asome sura ya wodini, karani asome sura ya mahakamani, mtu wa Micheweni, Pemba, asome mazungumzo ya wahusika wa Micheweni, ambao mara nyingi wanaongea kama watangazaji wa redio. Mjuzi hukamata makosa ambayo msomaji wa kawaida huyapita bila kujua, na yanayotokea mara kwa mara ni ya miaka. Mhusika wa mwaka 2005 anatumiwa nauli kwa M-Pesa, wakati huduma hiyo ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Mwingine, mwaka 2012, anavuka kwenda Kigamboni kwa daraja lililofunguliwa Aprili 2016. Mwingine anasafiri usiku kucha kwa basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam katika miaka ambayo mabasi ya mikoani hayakuruhusiwa kutembea usiku, ruhusa iliyokuja kutolewa mwaka 2023. Dereva mmoja wa mkoani angelisema hilo kabla hajafika mwisho wa ukurasa. Na anayetaka kusomwa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania amtafute msomaji mmoja wa upande wa pili. Muuza mitumba wa Tandale akisema "rununu" au "tarakilishi", kama wasemavyo Kenya kwa simu na kompyuta, msomaji wa Dar es Salaam anajua mara moja kwamba maneno hayo si yake.

Sasa umbo la nakala, jambo linalodharauliwa na ambalo huua usomaji mwingi kuliko ubaya wa hadithi. Mtu anatuma faili la PDF la ukubwa wa A4, herufi 12, kwa msomaji ambaye chombo chake pekee ni simu. Ukurasa wenye upana wa sentimita 21 ukibanwa kwenye kioo chenye upana usiofika sentimita 7, herufi zinabaki chini ya theluthi moja ya ukubwa wake. Msomaji anakuza kwa vidole, anasukuma kulia, anarudi kushoto, na baada ya kurasa kumi anasema riwaya inachosha. Kilichochosha ni kidole gumba. Kwa simu, badilisha ukubwa wa ukurasa uwe A6, herufi 14 au 15, pambizo la nusu sentimita pande zote, kisha ndipo uhifadhi kama PDF. Fungua kwenye simu yako mwenyewe kabla ya kutuma. Usitume faili la Word. Litafunguka kwa namna tofauti katika kila simu, mistari myekundu itajaa chini ya kila neno la Kiswahili kwa sababu programu inadhani ni Kiingereza kibovu, na msomaji aliyepewa uwezo wa kusahihisha atashughulika na mikato huku hadithi ikimpita.

Kwa karatasi hesabu ni hii. Riwaya ya maneno 60,000, ikichapwa kwenye A4, herufi 12, nafasi mbili kati ya mistari, ina takriban maneno 250 kwa ukurasa, yaani kurasa 240. Kama steshenari ya mtaani inatoza shilingi 100 za Tanzania kwa ukurasa, nakala moja ni 24,000 bila kuifunga. Nakala tatu ni 72,000. Si haba, lakini karatasi inarudi na alama nyingi kuliko simu, hasa kwa wasomaji wa umri mkubwa. Acha pambizo la kulia lenye sentimita 4. Ifungwe kwa spairo ili ilale wazi mezani, wala isibanwe kwa pini kubwa pembeni, kwa sababu kurasa zitaanza kukatika kabla ya sura ya tano. Namba za ukurasa ziwepo, na juu ya kila ukurasa iandikwe rasimu ni ya ngapi na nakala ni ya nani: "Rasimu 2, nakala ya Rehema". Bila hivyo, baada ya miezi sita utajikuta unabishana na maoni ya rasimu ambayo ulishaitupa.

Wa simu na wa karatasi hawatakuwa na namba za ukurasa zinazolingana. Usihangaike kuzilinganisha. Mwambie kila mmoja aandike maneno matatu ya mwanzo ya sentensi husika, nawe utayatafuta kwenye kompyuta na kufika palepale.

Pamoja na nakala, mpe msomaji alama nne, zisizidi hapo. Herufi C pambizoni: hapa nimechoka. Alama ya kuuliza: sijaelewa. Herufi S: sisadiki, mtu huyu hawezi kufanya hivi. Alama ya vema (✓): hapa pamenigusa. Mwombe pia, kila anapoifunga nakala, aandike siku na saa pale alipoishia. Hilo la mwisho ni dogo lakini lina faida kuliko maswali yote. Pambizo likionyesha "Jmn saa 3 usiku" uk. 12, "Jtn saa 3 usiku" uk. 47, kisha "Alh saa 4" uk. 61, halafu siku tisa hakuna kitu, tayari una habari ambayo msomaji mwenyewe asingekwambia ukimuuliza. Atasema alikuwa na kazi nyingi, na huenda ni kweli. Ila nakala tatu zikikatika kati ya uk. 55 na 65, hapo shughuli za watu hazina lawama.

Angalizo moja kwa wanaosoma alama hizo: mahali msomaji anapolalamika si lazima pawe mahali penye ugonjwa. Aliyefunga kitabu uk. 61 huwa alianza kuchoka mapema, pengine uk. 45, akajikaza. Rudi nyuma kurasa kumi na tano hadi ishirini uangalie. Mara nyingi utakuta sura ambayo hakuna mtu anayetaka kitu: wahusika wamekaa sebuleni wanaelezana mambo ambayo wote wawili wanayajua, kwa ajili ya kumfahamisha msomaji. Vivyo hivyo, akisema mwisho umekuja ghafla, usikimbilie kuurefusha. Tuseme katika sura ya mwisho kaka mtu anauza shamba la urithi na wasomaji wote wanaweka S. Tiba inaweza kuwa sura ya tano, ambako deni lake lilitajwa katika sentensi moja katikati ya aya ndefu ya harusi. Lipe deni hilo ukurasa wake, mdai aje mlangoni, mtoto amwone babake akijificha chooni, na sura ya mwisho itasimama bila kuguswa neno.

Maswali ya mazungumzo yaje baada ya kusoma, kamwe yasitangulie. Ukimwambia mtu "angalia kama mhusika Zuhura anaeleweka", ataanza kumtafutia Zuhura kasoro ambazo asingeziona. Akishamaliza, mwombe kwanza akusimulie hadithi nzima kwa mdomo, bila kufungua nakala, kwa dakika tano. Wewe andika. Anachokiruka hakikushika. Anachokiongeza ni matarajio uliyoyaamsha bila kuyatimiza. Majina anayoyachanganya yana sababu: Salma, Salama na Salima katika riwaya moja ni kumwonea msomaji. Baada ya hapo muulize: wapi ulitaka kuacha? Nani ulimhurumia, na kuanzia wapi? Ulidhani mwisho utakuwaje, na ulianza kudhani hivyo ukiwa wapi? Usimuulize kama riwaya ni nzuri. Jibu la swali hilo katika jamii zetu linajulikana kabla halijaulizwa.

Hapo ndipo penye ugumu wetu hasa. Mwanafunzi hamwambii mwalimu wake kwamba sura ya pili ni ndefu mno, kijana hamwambii mzee, na jirani mwenye haya anaona ni utovu wa adabu kukosoa kitu ambacho mtu amekihangaikia miaka mitatu. Kuwasihi watu "wawe wakweli" hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kuwaondolea uso wa mwandishi. Nakala ipelekwe na mtu wa kati, ukurasa wa jina ukiwa umeondolewa, na maoni yarudi kwake huyohuyo. Ujumbe wa sauti nao unafaa: mtu akiongea peke yake kwa dakika nne huteleza akasema ambayo asingeyaandika. Na mwandishi akiyapokea asijitetee. Neno moja tu la kueleza, "pale nilimaanisha...", linatosha kumfunga msomaji mdomo hadi mwisho wa mazungumzo. Kitabu kikishanunuliwa mwandishi hatakuwepo pembeni kufafanua.

Kusoma kwa sauti mbele ya watu, barazani au popote, kuna manufaa yake, hasa kwa mazungumzo ya wahusika. Sura ya maneno 3,000 inachukua nusu saa kwa mwendo wa utulivu. Mtu mwingine asome, mwandishi akae nyuma atazame ni wapi watu wanachukua simu. Ila mjadala wa kikundi huongozwa na aliyeanza kusema, hasa akiwa mkubwa. Basi kila mmoja aandike sentensi mbili kwanza, karatasi zikusanywe, ndipo mdomo ufunguliwe.

Muda: wiki nne kwa kurasa 240 zinatosha, na ukumbusho mmoja uende wiki ya pili. Kama wasomaji wako ni walimu, epuka Oktoba na Novemba, msimu wa mitihani ya taifa. Kwa wakulima, tazama mvua.

Maoni yakirudi yote, yaache wiki moja bila kuyagusa. Kisha chora jedwali: sura upande wa kushoto, jina la kila msomaji juu. Lalamiko la mtu mmoja juu ya ladha laweza kuachwa. La wawili mahali pamoja litazamwe. La watatu halina mjadala, hata kama kila mmoja amelieleza kwa namna yake. Makosa ya ukweli, kama yale ya daraja na M-Pesa, hayapigiwi kura: mjuzi mmoja anatosha. Tofautisha pia malalamiko na mapendekezo. Msomaji anaposema "nilimchoka huyu mjomba" anajua anachosema. Anaposema "mwue katika sura ya tatu" ameanza kuandika riwaya yake. Lichukue la kwanza, la pili mshukuru. Na urekebishe makubwa kwanza, lugha mwisho. Kusahihisha tahajia ya sura ambayo utaifuta kesho ni kazi bure.

Kuhusu wizi, hofu ya waandishi imekaa mahali pasipofaa. Hakimiliki inaanza pale kazi inapoandikwa, kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 na ya Kenya ya mwaka 2001, hata kabla ya kwenda kuisajili kwenye ofisi za hakimiliki, COSOTA ya Tanzania au KECOBO ya Kenya. Usajili unasaidia ushahidi, na rasimu zenye tarehe, hata ulizojitumia mwenyewe kwa barua pepe, zinasaidia pia. Jambo linalotokea zaidi ni faili kusambaa: msomaji anamtumia shemeji, shemeji analiweka kwenye kundi. Tuzo au mchapishaji anayetaka kazi ambayo haijatoka hadharani anaweza kukukataa kwa hilo, hivyo masharti yasomwe kabla ya kurusha chochote. Jina la msomaji likiwa juu ya kila ukurasa wa nakala yake, mkono unasita kubonyeza. Wengine huzuia sura ya mwisho kama kinga. Hatushauri, kwa kuwa msomaji asiyefika mwisho hawezi kupima mwanzo.

Lipo pia suala la watu halisi. Kama kijiji cha riwaya ni chako kwa jina jingine, mmoja wa wasomaji awe mtu wa huko, aulizwe waziwazi: umemtambua nani? Akitaja jina la jirani aliye hai, badilisha kazi, umri na idadi ya watoto, siyo jina tu.

Mwisho, kwa mnaoombwa kusoma. Kataeni mapema kama hamna nafasi. Mwandishi atamtafuta mwingine. Mkikubali mkashindwa, rudisheni nakala siku mliyoahidi na muandike ukurasa mlioishia, hata ukiwa wa tisa.

Ni sisi wasomaji na wahariri wa miswada,
Dar es Salaam na Mombasa